Daniel Jones: Bingwa wa matamshi ya Kiingereza aliyejifunza pia kwa Waafrika

UKIFUNGUA kamusi nzuri ya Kiingereza, mbele ya kila neno utakuta alama zilizofungwa kati ya mistari miwili ya mshazari. Baadhi ni herufi za kawaida, nyingine zimepinduliwa, zimeongezwa mkia au zimeazimwa kutoka Kigiriki. Wanafunzi wengi huziruka. Lakini aliyezizoea hana haja ya kubahatisha namna ya kusoma neno la Kiingereza, lugha ambayo huandikwa hivi na kutamkwa vile.

Mtu aliyefanya kazi kubwa kuliko wengi kuzifikisha alama hizo kwa wanafunzi wa Kiingereza duniani ni Daniel Jones, profesa wa Chuo Kikuu cha London aliyefariki mwaka 1967. Kwa wasomi wa isimu jina lake ni kubwa. Kwa msomaji wa kawaida wa Afrika Mashariki halisemi mengi, ingawa maisha yake yaligusana na Waafrika wawili mashuhuri, Solomon Plaatje wa Afrika Kusini na Jomo Kenyatta wa Kenya.

Maisha hayo yanatuhusu kwa sababu nyingine pia. Katika ukanda wetu Kiingereza ndicho lugha ya mikutano ya Jumuiya, ya mahakama nyingi na ya usaili wa kazi. Mtu huweza kuwa na hoja nzito, akachekwa kwa sababu ameweka "l" mahali pa "r". Jones aliitumia kazi yake yote kueleza kwa nini jambo hilo hutokea na namna ya kulirekebisha. Hata hivyo, kamusi yake mwenyewe ikaja kutumiwa na watu wengine kuwapima wasemaji na kuwashusha hadhi.

Aliacha sheria kwa ajili ya sauti

Daniel Jones alizaliwa London tarehe 12 Septemba 1881. Baba yake alikuwa mwanasheria, na kijana alitarajiwa afuate nyayo hizo. Alisoma hisabati katika chuo cha King's, Cambridge, akahitimu mwaka 1903, kisha akaingia kwenye sheria. Mwaka 1907 alikubaliwa rasmi kuwa wakili. Hakuwahi kuifanya kazi hiyo.

Kilichombadilisha ni safari aliyoifanya mwaka 1900 kwenda Marburg, Ujerumani, kujifunza Kijerumani. Shule aliyokwenda iliendeshwa na William Tilly, Mwaustralia mkali aliyewalazimisha wanafunzi wake waongee Kijerumani muda wote. Jambo jipya kwa Jones halikuwa ukali huo. Tilly hakuwaambia wanafunzi wamwige tu; aliwaeleza ulimi uwekwe wapi, midomo ikae vipi na pumzi ipite njia gani. Kwa kijana wa hisabati, hiyo ilikuwa habari kubwa: matamshi yana kanuni, na kanuni hufundishika.

Mwaka 1905 alikwenda Paris kusoma kwa Paul Passy, Mfaransa aliyeanzisha mwaka 1886 chama cha walimu wa lugha kilichokuja kuitwa Chama cha Kimataifa cha Fonetiki. Lengo la chama hicho lilikuwa kuwa na alfabeti moja ambamo kila sauti ina alama yake na kila alama ina sauti yake, bila kujali lugha. Passy alimfunza Jones kazi hiyo, na baadaye wakawa ndugu kwa ndoa: mwaka 1911 Jones alimwoa Cyrille Motte, mpwa wa Passy.

Mwaka 1907 Jones alianza kufundisha fonetiki kwa muda katika Chuo Kikuu cha London, kwenye koleji ya University College. Miaka michache baadaye alikuwa anaongoza idara nzima, na mwaka 1921 akapewa uprofesa. Hakukuwa na mtu mwingine nchini Uingereza aliyekuwa amepata cheo cha profesa wa fonetiki kabla yake.

Maswali matatu ya konsonanti

Kazi ya Jones ilianza na jambo ambalo kila mtu hulifanya bila kufikiri: kuzuia pumzi. Unapotamka irabu, hewa hutoka mapafuni ikapita kinywani bila kizuizi. Unapotamka konsonanti, kuna mahali unapoibana au kuifunga njia hiyo. Kwa hiyo kila konsonanti, ya Kiingereza au ya Kisukuma, hutambulika kwa maswali matatu.

Swali la kwanza ni wapi hewa inazuiwa. Kwa "p", "b" na "m", midomo miwili hukutana. Kwa "f" na "v", meno ya juu hugusa mdomo wa chini. Kwa "t" na "d" za Kiingereza, ncha ya ulimi hugusa ufizi, ule mwinuko ulio nyuma ya meno ya juu. Kwa "k" na "g", sehemu ya nyuma ya ulimi huinuka hadi kwenye kaakaa laini.

Swali la pili ni namna hewa inavyozuiwa. Ikifungwa kabisa kisha ikaachiwa ghafla, tunapata kipasuo kama "p" au "t". Ikipita kwenye upenyo mwembamba kwa mkwaruzo, tunapata kikwamizi kama "s" au "f". Kinywa kikifungwa na hewa ikatokea puani, tunapata nazali kama "m" au "ng'". Hewa ikipita pembeni mwa ulimi, hiyo ni "l".

Swali la tatu ni kama nyuzi za sauti zinatetema. Weka vidole kooni utamke "s" kwa kuivuta, kisha "z". Ulimi haukuhama, lakini kwa "z" koo linatetema. Hiyo ndiyo tofauti ya "p" na "b", "t" na "d", "f" na "v", na "k" na "g". Vitabu vyetu vya Kiswahili vya sekondari huziita sauti ghuna na zisizo ghuna.

Mwanafunzi akiyashika maswali haya matatu, sauti ngeni hupoteza ugeni wake. Kiingereza kina sauti mbili ambazo tahajia huziandika kwa "th" zote, na wageni wengi huzigeuza kuwa "s", "z", "t" au "d". Mswahili anazijua zote mbili, maana ndizo zilizo katika "thelathini" na "dhahabu". Mkikuyu naye anayo ile ya pili katika lugha yake, ingawa huiandika "th". Tatizo huwa kutojua ni ipi inayotakiwa katika neno gani, na hapo ndipo alama za kamusi zinaposaidia.

Jones alitaka wanafunzi wake wazitamke sauti hizi na pia wazisikie. Aliwasomea maneno yasiyo na maana, yenye sauti zilizochanganywa kutoka lugha mbalimbali, wao wakaziandika. Asiyeisikia tofauti, kwa maoni yake, hawezi kuitamka kwa uhakika.

Upande wa irabu alikwenda mbali zaidi, kwa kuwa katika irabu ulimi haugusi chochote na ni vigumu kusema umekaa wapi. Alichagua irabu nane za kupimia, kama alama za barabara ambazo msafiri huzitumia kujua alipo, akazirekodi kwenye sahani za santuri mwaka 1917. Ili ulimi uonekane kwenye picha za eksirei, aliulazia mnyororo mdogo wa risasi, kisha akatamka huku picha zikipigwa.

Plaatje aingia darasani

Mwaka 1914 ujumbe wa Waafrika ulifika London kutoka Afrika Kusini kulalamikia Sheria ya Ardhi ya 1913, iliyowaachia Waafrika takriban asilimia saba tu ya ardhi ya nchi yao. Mmoja wa wajumbe alikuwa Solomon Tshekisho Plaatje, mwandishi wa habari, aliyewahi kuwa mkalimani wa mahakama, na katibu mkuu wa kwanza wa chama ambacho leo ni ANC. Serikali ya Uingereza haikuwapa walichokuja kukitafuta. Vita vikuu vilipoanza Agosti mwaka huo, wenzake walirudi nyumbani. Plaatje alibaki, akaendelea kuhutubia na kuandika hadi mwaka 1917.

Katika miaka hiyo marafiki walimpeleka kwenye darasa la Jones. Plaatje alitamka sentensi chache za Kitswana, lugha yake ya mama, na Jones akaziandika ubaoni kwa alama za fonetiki. Kisha wanafunzi, wanawake wa Kiingereza wasiojua hata neno moja la Kitswana, wakazisoma. Plaatje alistaajabu. Baadaye alieleza kwa maandishi kwamba wanawake hao walizisoma bila dalili ya lafudhi ya Kizungu. Alikuwa amewasikia wamisionari walioishi na Watswana miaka mingi wakikivunja Kitswana kila siku.

Alichokiona Plaatje hakikuwa mchezo wa darasani. Kitswana, kama lugha nyingi za Kibantu, hutumia toni: neno lilelile likipandishwa au kushushwa sauti hubadilika maana. Tahajia ya kimisionari haikuonyesha toni hata kidogo. Plaatje aliogopa kwamba lugha yake ingefundishwa kwa watoto kupitia vitabu vilivyoandikwa na watu wasioisikia.

Mwaka 1916 wawili hao walichapisha kitabu cha hadithi za Kitswana kilichoandikwa kwa alama za fonetiki. Majina yote mawili yaliwekwa kwenye ukurasa wa kwanza, kama waandishi wawili. Katika vitabu vingi vya lugha vya zama hizo, Mwafrika aliyetoa maneno alishukuriwa kwa sentensi moja tu, au hakutajwa kabisa.

Kitswana nacho kilimpa Jones kitu kikubwa. Mwaka 1917 alitoa mhadhara kuhusu sauti za lugha hiyo mbele ya wanazuoni wa London, na ni katika kazi hiyo alipoliingiza katika maandishi ya Kiingereza neno "fonimu" kwa maana inayotumika leo. Wazo lenyewe alilipokea kutoka kwa wanaisimu wa Poland na Urusi, lakini mfano aliowaelezea Waingereza ulitoka kusini mwa Afrika.

Fonimu na kicheko cha "l" na "r"

Fonimu ni nini? Chukua "p" ya Kiingereza. Neno linapoanza na "p" yenye mkazo, hutoka na mpumuo. Ukishika karatasi mbele ya midomo, inapepea. "P" ikitanguliwa na "s", karatasi haitikisiki. Kwa sikio la Mwingereza hiyo ni sauti moja, na wengi wao hawajui kwamba wanatamka sauti mbili. Lakini kwa Mswahili wa Mombasa au Lamu, mpumuo wa namna hiyo hubadili maana: "tembo" mwenye mpumuo ni mnyama, na "tembo" asiye na mpumuo ni pombe ya mnazi. Kilicho sauti moja katika lugha hii ni sauti mbili katika lugha ile.

Sasa geuza upande. Katika Kiganda "l" na "r" ni fonimu moja. Baada ya irabu "i" na "e" hutamkwa "r", kwingineko hutamkwa "l". Neno la Kiganda la moto, "omuliro", linazo zote mbili, kila moja mahali pake, na Mganda hazioni kama vitu viwili. Gikuyu haina "l" kabisa. Msemaji wa lugha hizo anapokutana na Kiingereza au Kiswahili, ambamo "l" na "r" hutenganisha maana, sikio lake hufanya kile ambacho sikio la Mwingereza hufanya kwa mpumuo wa "tembo". Huo si uvivu wala uzito wa kichwa. Ni mpangilio wa lugha ya kwanza, na kila binadamu anao wake.

Kenyatta na kazi ya Lilias Armstrong

Jones alizungukwa na wenzake hodari, na mmoja wao alikuwa Lilias Armstrong. Mwaka 1934 Armstrong alichapisha uchunguzi wa sauti za Kisomali. Baada ya hapo akageukia Gikuyu, na aliyemhitaji alipatikana London: Jomo Kenyatta, aliyekuwa huko kudai ardhi ya watu wake. Kati ya 1935 na 1937 Kenyatta aliajiriwa na idara ya Jones. Alitamka maneno na sentensi kwa saa nyingi huku Armstrong akizipima toni.

Kwa Kenyatta, mtu asiye na fedha katika mji wa ugenini, huo ulikuwa ujira. Kwa lugha yake ulikuwa uchunguzi wa kina ambao haukuwahi kufanywa kabla. Armstrong alifariki Desemba 1937 kitabu kikiwa karibu kukamilika. Idara ilikisimamia hadi kikatoka mwaka 1940. Toni za Gikuyu zilizomo ni za sauti ya mtu aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Kenya.

Alfabeti ya Afrika

Jones alishiriki pia katika mjadala mkubwa wa namna ya kuandika lugha za Afrika. Taasisi ya kimataifa ya lugha na tamaduni za Kiafrika, iliyoundwa London mwaka 1926, ilitoa mapendekezo ya alfabeti ya pamoja chini ya uongozi wa Mjerumani Diedrich Westermann, na Jones alikuwa miongoni mwa washauri. Herufi kadhaa zilichukuliwa kutoka alfabeti ya fonetiki. Mwaka 1928 mkutano wa Rejaf, katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, ulizitumia kwa lugha za huko, na Wadinka wanaandika kwa baadhi ya herufi hizo hadi sasa. Kiswahili kilibaki na "ng'" yake ya king'ong'o.

Lakini si wenye lugha wote waliofurahi. Plaatje mwenyewe, rafiki wa fonetiki, aliyapinga mageuzi ya tahajia ya Kitswana yaliyopangwa na wataalamu pasipo wenye lugha kusikilizwa vya kutosha. Alifariki mwaka 1932 mgogoro huo ukiendelea. Kwake, alama sahihi haikutosha. Lazima anayeamua awe pia msemaji.

Kamusi iliyogeuzwa mizani

Mwaka 1917, katikati ya vita, Jones alitoa kamusi ya matamshi ya Kiingereza. Haikueleza maana ya maneno, ilionyesha tu namna yanavyotamkwa. Ilibidi achague Kiingereza cha nani, maana mtu wa Glasgow, wa Leeds na wa London hawatamki sawa. Alichagua kile alichokijua vyema: cha familia za kusini mwa Uingereza ambazo wanaume wake walisoma shule ghali za bweni. Alikiita kwa jina la shule hizo. Katika toleo la 1926 akabadili jina, akakiita matamshi yaliyopokelewa, na jina hilo likashika.

Jones alisisitiza mara nyingi kwamba yeye ni mwandishi wa kumbukumbu, si hakimu. Aliandika yale aliyoyasikia na hakudai kuwa ni bora kuliko mengine. Hata hivyo kitabu chake kiliingia kwa watangazaji, walimu na wakaguzi wa shule, ndani ya Uingereza na katika makoloni, kikageuka mizani. Lafudhi ya tabaka dogo la watu ikawa ndiyo Kiingereza sahihi, na wengine wote, pamoja na Waingereza wengi, wakawa na kasoro.

Lawama haiwezi kuwaangukia wakaguzi peke yao. Ukichukua matamshi ya kundi moja ukayachapisha mara nyingi, mengine yote yakabaki bila kitabu, umeshawapa watu cha kupimia hata kama hukutaka. Jones alilitambua hilo kwa kiasi fulani. Katika maandishi yake ya uzeeni alieleza usemaji mzuri kuwa ni ule unaoeleweka wazi kwa watu wa kawaida, bila kujali umetoka kwenye lafudhi ipi.

Miaka ya mwisho

Jones alistaafu mwaka 1949, mwaka aliomaliza pia kazi ya katibu wa Chama cha Kimataifa cha Fonetiki aliyoifanya tangu 1928. Mwaka 1950 alichapisha kitabu chake kikubwa kuhusu fonimu, akachaguliwa kuwa rais wa chama hicho, nafasi aliyokuwa nayo hadi mwisho. Hakuwa mtu mwenye afya imara, lakini aliendelea kuandika na kupigania tahajia rahisi zaidi ya Kiingereza. Alifariki nyumbani kwake Gerrards Cross, nje ya London, tarehe 4 Desemba 1967, akiwa na umri wa miaka 86.

Kamusi yake imeendelea kurekebishwa na wengine na imefikia toleo la 18, likiwa na matamshi ya Kimarekani pia. Maswali yake matatu kuhusu konsonanti yanafundishwa katika vyuo vya ualimu kuanzia Dar es Salaam hadi Kampala, hata pale jina lake lisipotajwa.

Kwa mwanafunzi wa ukanda huu, faida yake ni ya vitendo. Anayechanganya "l" na "r" hahitaji kuzaliwa upya wala kuiga Mwingereza. Anahitaji kioo na mazoezi ya kila siku: kwa "l" ncha ya ulimi ikae kwenye ufizi na hewa ipite pembeni, kwa "r" ya Kiingereza ncha hiyo isiguse kitu. Ni kazi ya misuli, nayo hufundishika kama alivyofundishwa Jones kule Marburg. Na anayeketi upande wa pili wa meza, tayari kucheka, ajaribu kwanza kutenganisha toni za Gikuyu au tembo wawili wa Mombasa. Akishindwa, ataelewa kwamba msailiwa wake hana kasoro yoyote ambayo yeye mwenyewe hanayo.